Chupa Mbili

Siiti. Sina sauti ya kuita.
Nagonga chupa nyekundu na chupa ya zambarau,
ting', ting'-ting', kutoka Birere hadi Katindo,
na mwenye kuhitaji husikia.
Beseni liko begani. Ndani yake mkasi, tupa, chumvi,
ndimu moja, na taulo nililomwibia dada yangu
(anajua; bado hajaniuliza).

Goma hatuna vumbi la kawaida.
Letu ni jeusi, ni moto uliopoa,
huingia chini ya kucha likakaa
kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda.
Mwenye pikipiki analo, mwenye duka analo,
hata bibi harusi wa juzi, ukimgeuza kidole.

Kwa hiyo mimi simcheki mtu.

Jana nilimkuta Mama Nsimire, muuza makala wa Majengo,
kando ya gunia lililobaki nusu.
Leo wanakuja kumposa binti yake, Asifiwe.
Akauliza bei, miguu ameifunika kwa kitenge.
"Mikono tu," akasema. "Miguu achana nayo."

Maji ya vuguvugu. Chumvi, vijiko viwili.
Ile ngozi ya shinani sikuikata.
Wengi huikata, wakadhani ndio usafi;
kumbe ni mlango, na ukiubomoa
usimlaumu mwizi.
Niliisukuma tu, kwa kijiti, ikiwa imelainika.
Kisha mkasi, kisha tupa,
upande mmoja, upande mmoja,
si kwenda na kurudi kama anayepasua mbao.
Maji yakawa wino. Nikamwaga.
Yakawa chai ya rangi. Nikamwaga.
Beseni la tatu nikaona chini.

Naye akaona. Akanyamaza kidogo,
akatoa mguu mmoja.

Ukucha wa kidole gumba: mnene, wa njano,
umeegemea upande kama nyumba ya mabati baada ya upepo.
"Usiku wa volkano," akasema,
"nilikuwa nimembeba huyu wa kuposwa.
Nilikuwa na kiatu kimoja.
Ukucha wangu ulibaki kwenye njia ya Sake.
Huu ulioota ni mwingine. Hatujazoeana."

Sikujibu. Kazi yangu haina maneno ya hapo.
Nikaupunguza unene kwa tupa, taratibu,
nikaukata sawa, bila kufuata duara,
pembe zisije zikazama nyamani.
Nikakausha katikati ya vidole, kimoja, kimoja,
maana kuvu haiombi mengi: unyevu, na giza la kiatu.
Kisigino nikakisugua kwa jiwe
nililookota nyuma ya kanisa,
jeusi, jepesi, lenye matundu.
Akalichukua mkononi, akaligeuza.
"Hili?"
Hilihili.
"Kumbe lina kazi nyingine," akasema, akanirudishia.

Ukucha ule sikuupaka rangi.
Nilimwambia auache uonekane, auangalie kila wiki;
ukizidi kubomoka aende zahanati,
mimi ni mtu wa mkasi, si daktari.
Mikononi alichagua zambarau.
Nilipaka mara mbili, nikamkataza kugusa kitu.

Basi akakaa, vidole kumi hewani,
mwanamke ambaye sijawahi kumwona ametulia,
hajui mikono isiyo na kazi huwekwa wapi.
Aliipandisha. Akaishusha. Akaipuliza.
Akaja mteja na ndoo yake:
"Mama, nipimie."
"Jipimie mwenyewe," akasema, "sijakauka."

Yule kijana akajaza mpaka ukingoni,
akatazama huku na huku,
akaongeza mawili, makubwa.

Mama Nsimire aliona.
Aliinua kidole cha kati kwenye jua,
akakiegemeza hivi, halafu hivi,
akamwacha aende.